Mgeni Aliyeondoka Bila Kunawa

Land Cruiser nyeupe ilipunguza mwendo, ikawasha taa ya kushoto.

Mwanamize Jaribu alikamata breki za pikipiki yake ya Honda nyuma ya lori la mchanga.

Asikate kushoto. Popote, lakini si kushoto.

Ikakata kushoto.

Ile njia ya udongo mwekundu ilipanda kilima kimoja tu pale juu ya Mkoani, na juu ya kilima kulikuwa na vitu viwili: mnara wa simu, na nyumba ya Mzee Rajab Kificho. Mzee Rajab alikuwa mjomba wake. Mwanamize alilelewa katika nyumba hiyo tangu mama yake alipofariki, akafunzwa humo kusali, kusoma na kuitikia salamu. Leo anaijia akiwa na Glock chini ya baibui na pingu ndani ya pochi.

Pingu mbili.

Amri ilikuja asubuhi, kabla hajaondoka Chake Chake. Ilikuwa fupi kama kawaida yao.

"Chewa, hapa Gati."

"Chewa nakusikia."

"Mnyama anaelekea kusini. Ana kadi mfukoni. Akiifikisha mnarani, doria yetu ya baharini inakuwa bubu na bunduki zinashuka. Mchukue kabla hajaiwasha. Beba pingu mbili."

"Za pili za nani?"

"Mwenye kiwanja cha mnara. Mtu haingii pale mara zote hizo bila ya mwenyeji kujua. Wako pamoja hao."

Simu ikakatika. Gati ni Hasnain, mkuu wake katika Idara ya usalama, aliyekuwa Unguja mbele ya skrini zake na chai yake ya tangawizi. Hakumpa Mwanamize nafasi ya kusema kwamba mwenye kiwanja ni mjomba wake. Ah, tusidanganyane. Nafasi alimpa. Mwanamize ndiye aliyenyamaza, akazitia pingu mbili kwenye pochi, akawasha pikipiki.

Na huyo Mnyama? Jina alilotumia ni Kasper. Fundi wa mitambo ya simu kutoka nchi za mbali, anayekodishwa na wauza silaha. Karafuu za magendo zinatoka, bunduki zinaingia, na yeye kazi yake ni kuhakikisha hakuna askari anayeweza kuita mwenzake. Kiswahili anakisema vizuri mpaka inaudhi. Na salamu anazijua zote.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Kisiwa kizima kilikuwa kinakaa kula. Kama unataka kupitisha kitu Pemba usionekane, hiyo ndiyo saa yake.

Mwanamize aliegesha Honda chini ya ukuta, akapita mlango wa uani.

"Hodi!"

"Karibu... Lo! Mwanamize! Mwanangu weye!" Bi Mardhiya, mke wa mjomba, aliacha mwiko ndani ya chungu, akamkumbatia kwa mikono yenye tui. "Mbona hukusema kama waja?"

"Shikamoo mama. Kazi imenileta ghafla."

"Marahaba. Ya bima?"

"Ya bima."

Miaka yote familia ilijua kuwa anafanya kazi ofisi ya bima huko mjini. Uongo huo ulishazoea mdomo wake, unatoka wenyewe.

"Basi umekuja wakati. Mjomba wako ana ngeni barazani. Hebu shika birika, kawanawishe."

Akapewa birika mkono mmoja, bakuli mkono mwengine, na taulo begani. Hivyo ndivyo jasusi wa daraja la kwanza alivyomfikia mtu wake, jamani. Kwa birika.

Barazani mkeka ulikuwa umetandikwa. Wali umepakuliwa kwenye sinia, pweza wa nazi pembeni, pilipili na ndimu. Mzee Rajab, kanzu ya Ijumaa imenyooka, aliinua uso akaangaza kama mtoto aliyeletewa zawadi.

"Alhamdulillahi! Huyu ndiye mwanangu nnaekuhadithia," alimwambia mgeni.

Kasper alikuwa amekaa vizuri kabisa, miguu kaikunja, viatu kavua mlangoni. Alimtazama Mwanamize, akaitazama na pochi iliyoning'inia ubavuni mwake. Macho yakakaa pale kidogo. Akatabasamu.

Alijua.

Akanyoosha mikono.

Mikono miwili, mitupu, imewekwa pamoja mbele yake juu ya bakuli. Pingu ziko umbali wa shibiri. Kazi yote aliyofunzwa, mazoezi yote ya kumkunja mtu mkono, kumbe mtu mwenyewe anakuja kukuletea viganja vyake pamoja!

Mwanamize akamimina maji.

Angefanyaje? Hebu niambie wewe. Kwa Mzee Rajab, mgeni haulizwi alikotoka wala alilojia mpaka ale, anawe, anywe kahawa. Na akishakula, kumuuliza ni kama kumhesabia tonge, kwa hiyo ndiyo haulizwi tena. Mtu aliyeweka mkono kwenye sinia ya mzee yule hagusiki mpaka ameunyanyua na kuuosha. Kumtia pingu juu ya wali, mbele ya majirani wanaopita na kusalimia, ni kumvua mjomba nguo. Afadhali apigwe risasi.

"Ahsante sana, dada," alisema Kasper. "Mungu akuzidishie."

"Amin," alijibu Mwanamize. Alitahayari mpaka masikio yakawa ya moto.

Akarudi jikoni na mpango mmoja kichwani. Wakimaliza kula atatoka tena na birika. Mgeni atanyoosha mikono mara ya pili. Hapo anakuwa si mlaji tena, ni mtu anayeaga. Atamwambia polepole, kwa heshima, "Bwana, tuongee nje," na pingu atamvisha nyuma ya ukuta ambako hakuna anayeona. Kuhusu pingu ya pili hakutaka kufikiri. Akajaza birika, akaonja tonge kwenye sahani aliyowekewa, akasimama nyuma ya pazia, akasubiri.

Kupitia upenyo wa pazia alimwona Kasper akila kwa raha, akisifu pweza. Akamwona anatoa simu kwa mkono wa kushoto. Akamsikia anasema, "Samahani mzee, naitikia simu mara moja." Akazunguka nyuma ya nyumba, mkono wa kulia kauinua, unang'aa mchuzi.

Atarudi kunawa. Hakuna mtu anayeondoka na mchuzi mkononi. Mtoto mdogo haondoki.

Mwanamize alisubiri.

Akasubiri tena.

Land Cruiser ikanguruma.

Alipochomoka nje, mlango wa gari ulikuwa unafungwa na vumbi linapanda. Mzee Rajab alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, tonge mkononi, akitazama njia.

"Ameondoka hakunawa," alisema taratibu, kwa mshangao wa mtu aliyeona kitu ambacho hajawahi kukiona.

Simu ya Mwanamize ikatetemeka.

"Chewa. Umemkamata?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakula."

"Rudia."

"Alikuwa anakula, bosi. Nilikuwa nasubiri anawe."

Alimsikia Hasnain akiweka kikombe chini. Angetukana ingekuwa nafuu.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Droni iko juu ya Kisiwa Panza. Kuna mashua inapunga nguo, inajifanya imezimika injini. Nyuma yake, ndani ya mikoko, boti mbili za Yamaha, watu wana bunduki. Doria yetu inawaendea kuwasaidia. Tunawaita, hawaitiki. Huku kwetu inaonyesha wana mtandao umejaa tele."

"Doria ipi?"

"Doria Mbili."

Mwanamize alifumba macho. Kwenye Doria Mbili kulikuwa na Pandu. Pandu Rajab, mtoto pekee wa mzee huyu aliyesimama hapa na tonge mkononi. Walikula sahani moja tangu utotoni.

"Pandu yumo," alisema kwa sauti, bila ya kukusudia.

Nyuma yake tonge likaanguka.

"Chewa, acha mnara," Hasnain alikuwa anasema. "Mfuate Kasper. Kasper ni daraja la kwanza. Narudia, daraja la..."

"Gati, sikusikii vizuri," alisema Mwanamize, aliyekuwa akisikia vizuri kabisa. Akakata.

Akavuta begi kutoka kwenye Honda, akakimbia kuelekea mnarani. Baibui lilimkwama mguuni, akalipandisha, na Glock ikaonekana kiunoni, nyeusi, wazi. Mzee Rajab aliyekuwa akimfuata mbio na kanzu yake aliiona. Hakuuliza. Mwanamize angependa sana aulize.

Mnara ulikuwa nyuma ya migomba, umezungushiwa waya. Geti wazi. Kabati la chuma limefungwa kwa kufuli. Alipoinama tu, kivuli kikatoka nyuma ya jenereta.

Mtu mnene, kaachwa na Kasper kulinda. Kisu.

Mwanamize alijikunja, kisu kikapasua hewa na nusu ya mtandio. Kiwiko kikaingia mbavuni. Goti likafuata palepale ambapo goti hufuata. Jitu likalia "Yalaa!" likaanguka kifudifudi. Mwanamize akalikalia mgongoni, mkono ukaenda kwenye pochi kutafuta pingu.

Mzee Rajab alikuwa amesimama pale anatazama.

Mkono ukatoka mtupu. Akitoa moja, ya pili itaonekana. Akaokota kipande cha waya, akamfunga nacho.

Kisha akalishika kufuli, na vidole vikateleza.

Mchuzi wa nazi.

Mzee aliugusa, akaunusa. Uso ukamshuka, ukazeeka palepale.

"Ufunguo nlimpa mie," alisema. "Alisema fundi. Mara ya kwanza alikuja, akatoa salamu, akala. Mara ya pili akala. Mara ya tatu akaomba ufunguo. Sasa ntu ashakula kwangu mara zote hizo, nnamuulizaje kitambulisho, mwanangu? Nnamuulizaje?"

Mwanamize, mwenye silaha na mafunzo, alishindwa kumuuliza mara moja tu.

Risasi moja, kufuli likafunguka. Ndani, taa za kijani zikimeta kwa utulivu, na katikati kadi moja ngeni yenye taa ya buluu. Alichomeka waya wa laptop na kijiti cha USB cha Idara. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Alipoona alichokifanya Kasper, akatikisa kichwa. Mshenzi alikuwa na akili.

"Vipi?" aliuliza mzee. "Simu ya Pandu imekufa?"

"Haijafa mjomba. Inakatwa kauli." Vidole vyake vilikuwa vinakimbia huku akisema. "Simu haisemi pale tunapoongea tu. Muda wote inatuma vijineno vyake kwenda mnarani. 'Nimepokea.' 'Naomba zamu niseme.' 'Hapa nasikia vibaya.' Bila ya kuomba zamu na kupewa, haiwezi kutoa sauti. Hata ukiipigia haiwezi kuitikia."

"Na vikitoka pamoja hivyo vijineno?"

"Simu inaangalia daraja. Cha juu kinapita, cha chini kinatupwa. Sasa huyu anaitupia simu ya Pandu takataka bila ya kukoma, na kila takataka simu lazima ijibu 'nimepokea'. Hilo 'nimepokea' kaliweka daraja la juu. 'Naomba zamu' kaliweka chini. Kila Pandu anapotaka kusema, ombi lake linakutana na jibu la takataka, linatupwa. Yeye anaona mtandao umejaa. Anadhani anaita. Sauti haitoki."

"Basi ing'oe hiyo kadi!"

"Nikiing'oa mnara wote unazima, unaanza upya. Mpaka uwake, Pandu ashaingia mikokoni."

Mzee Rajab akakaa chini kwenye zege, kanzu ya Ijumaa na yote.

"Ndo nishamuua Pandu," alisema. "Kwa nkono wangu."

"Hujamuua."

"Kwa wali wangu."

Mwanamize alitaka kumshika bega, lakini mikono ilikuwa na kazi. Akashuka mstari baada ya mstari. Madaraja, Kasper kayafunga kwa nywila. Kuyageuza kungechukua muda ambao hakuwa nao. Kadi haigusiki. Takataka zinaendelea kumiminika. Akashuka tena. Chini kabisa, mahali ambapo fundi mwenye haraka, mkono una mchuzi, hakujisumbua kufunga, kulikuwa na swali moja.

Vijineno viwili vikigongana: TUPA au UNGANISHA?

Palikuwa pamewekwa TUPA.

Akacheka, kicheko kikavu cha mtu mwenye hofu.

"Mjomba. Sihitaji kumpa Pandu daraja. Nikisema UNGANISHA, kila 'nimepokea' inayokwenda juu itabeba na 'naomba zamu' yake ndani yake. Anavyozidi kutupiwa takataka ndivyo Pandu anavyozidi kupata usafiri."

Mzee alifikiri, machozi yako ndevuni.

"Kama mama mwenye kadi ya harusi," alisema. "Ntoto anaingia mgongoni. Haulizwi kadi."

"Ndiyo hivyo hasa."

Akabonyeza.

Skrini ikafikiri. Mviringo ukazunguka. Ukazunguka. Laana ya mviringo ule, hata kwenye vita unakuja kuzunguka! Mwanamize aliitoa redio-simu begini, akaiweka kwenye mkondo wa doria, akaishika kwa mikono miwili.

Kelele ya upepo.

Halafu sauti, karibu kabisa, kama mtu yuko nyuma ya mgomba.

"...narudia, Gati, Gati, hapa Doria Mbili! Mbona hamuitiki? Kuna mashua imezimika injini Kisiwa Panza, wanatupungia, tunaingia kuwavuta. Mpo?"

Mwanamize alifungua mdomo. Mzee Rajab akaipokonya redio.

"Pandu! Usiingie!"

"Baba? Shikamoo baba."

Wallahi, mbele ya mtutu wa bunduki, mtoto wa Kipemba kamwamkia baba yake. Na Mzee Rajab, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuitikia.

"Geuza boti! Geuza! Wana bunduki mikokoni, wanakungojeni! Geuza mwanangu!"

Mngurumo. Sauti za watu. Kisha milio mikavu, tata, tata-tata. Mzee aliishika redio kifuani kama anaweza kuikinga. Mwanamize aliitazama saa yake ya Garmin bila ya kusoma kitu.

"Gati." Pandu alikuwa anahema. "Doria Mbili tumegeuza. Wamepiga, wamekosa. Hatuna majeruhi. Boti mbili, zina makasha. Maji yanakupwa huku, naona zimekaa kwenye tope, wanashuka kusukuma. Leteni watu!"

"Doria Mbili, hapa Gati," Hasnain aliingia, sauti imempanda. "Tunawasikia! Kaeni mbali, Doria Moja na Tatu zinakuja. Nani kafungua mnara?"

Hakuna aliyemjibu. Bi Mardhiya alikuwa amefika getini bila ya viatu, na mzee alikuwa anamwambia, "Mzima. Mzima. Mzima."

Mwanamize akafunga laptop. Kasper sasa hivi yuko njiani kwenda kupokelewa na boti, na boti imekaa kwenye tope. Bandari iliyo karibu na Kisiwa Panza ni Chokocho. Akakimbilia Honda.

Alipoipiga moto, mtu akakaa nyuma yake.

"Mjomba, shuka. Kuna hatari."

"Ngeni wangu," alisema Mzee Rajab. Mkononi ameshika birika.

Hakukuwa na muda wa kubishana na mzee mwenye birika. Waliteremka kilima, wakala kona, kanzu inapepea, maji yanamwagika kidogo kidogo. Watu njiani waliwasalimia. Mzee aliwaitikia wote.

Land Cruiser ilikuwa imeachwa Chokocho, mlango wazi. Maji yametoka, pwani imekuwa ndefu. Wanawake walioanika dagaa walikuwa wamesimama wanatazama mwanamume mmoja aliyekuwa mwisho wa gati, simu sikioni, anaita watu ambao hawamuitikii. Hilo nalo Mwanamize alilifurahia kidogo.

Glock ikatoka.

"Kasper! Mkono wenye mchuzi, niuone!"

Akageuka. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya koti. Akamwona Mwanamize, akahesabu. Akamwona mzee, na tabasamu likarudi. Alidhani amepata ukuta wa kujificha.

"Mzee Rajab," alisema kwa unyenyekevu. "Mwambie mwanao. Mimi ni mgeni wako. Nimekula kwako."

Mzee alitembea juu ya gati, birika mkononi, akapita pembeni ya mtutu wa Glock kana kwamba haupo. Akasimama mbele yake karibu kabisa. Wanawake wa dagaa walisogea kusikiliza. Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Neno lilikuwa zito kutoka, kila mtu aliliona linavyomwumiza.

"Weye ni nani?" aliuliza. "Umetoka wapi? Na umekuja kufanya nini kwangu?"

Nyuma mwanamke mmoja alisema, "Astaghafirullahi," kwa sauti ndogo. Mzee Rajab Kificho kamuuliza mgeni.

Mkono wa Kasper ukatoka kwenye koti polepole, mtupu. Vidole bado vina manjano.

"Hukunawa," alisema mzee. "Lete nkono."

Na yule mtu, sijui kwa mazoea, sijui kwa kushindwa, akanyoosha mikono miwili pamoja. Mzee akamimina maji. Akahakikisha vidole vimetakata, mpaka kucha. Alipomaliza akasogea.

Mwanamize akamvisha pingu. Klik. Akamtoa bastola kwenye koti, akamsukuma kuelekea kwa askari waliokuwa wanateremka mbio kutoka barabarani.

Redio ikakwaruza. "Chewa, hapa Gati. Boti mbili zimekamatwa, makasha ishirini na kitu. Mnyama?"

"Ninaye."

"Safi. Na mwenye kiwanja?"

Redio ilikuwa wazi, sauti imetoka yote. Mwanamize alihangaika kuipunguza, pochi ikafunguka, na pingu ya pili ikaanguka juu ya mbao za gati. Ilianguka katikati yao, ikakaa.

Mzee Rajab aliitazama.

"Na hii," aliuliza, maana leo alikuwa ameshaanza kuuliza, "ya nani?"

Jasusi wa Idara alikuwa na uongo mwingi. Uongo wa bima, uongo wa safari, uongo wa jina. Akautafuta mmoja. Alitamani mbao zipasuke zimmeze, akiwa na Glock yake na Garmin yake. Mbao hazikupasuka.

"Chewa? Mwenye kiwanja?"

"Hana hatia," alisema kwenye redio. "Yeye ndiye aliyeiokoa doria."

"Ulijua tangu lini kwamba hana hatia?"

Tangu lini? Aliingia kwake akaamkia, akakumbatiwa, akapewa birika, na pingu yake hii ikiwa ubavuni. Hakumtetea kwa neno moja asubuhi, alipopewa nafasi. Akazima redio.

"Mjomba..."

Mzee aliinama, goti moja baada ya jengine, akaiokota pingu. Akaipangusa mchanga kwa upindo wa kanzu. Akairudisha ndani ya pochi ya Mwanamize, akaifunga pochi vizuri, kama anamtayarisha mtoto kwenda skuli.

"Mama yako alikuwekea sahani jikoni," alisema. "Uliila?"

"Niliionja. Nilipokuwa nasubiri nyuma ya pazia."

"Ukanawa?"

Mwanamize akatikisa kichwa.

Mzee aliinua birika. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini. Akangoja. Mwanamize akanyoosha mikono yake miwili, ikakaa pamoja, viganja juu, mbele ya mjomba wake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua. Mtu wa nyumbani hunawa mwenyewe pipani, huko uani. Anayemiminiwa maji ni mgeni.

"Haya," alisema Mzee Rajab. "Wasalimie Unguja."

Hakusema karibu tena. Alimtolea salamu, akaitikiwa, akageuka kwenda barabarani kutafuta gari la kumrudisha Mkoani, birika tupu linamning'inia mkononi. Kwenye gari la watu wengine, si nyuma ya Honda.

Wanawake wa dagaa walimpisha Mwanamize njia. Alivaa miwani yake nyeusi ya Ray-Ban, akapanda pikipiki, akaondoka mwendo wa taratibu, mgongo umenyooka, kama wanavyofunzwa. Waliomwona walisema kwamba yule mwanamke ana roho ngumu, hata jasho hakutoa. Alikwenda mpaka penye kona ambayo hakuna nyumba, akasimama kando ya njia. Mikono ilikuwa bado na maji. Hakuifuta.